Maksai wa Ngassa

Yule ng'ombe alitokea kichakani upande wangu, na breki za Landrova yangu ni za kupampu mara mbili. Nilipampu ya kwanza. Ya pili sikuiwahi, bampa lilikuwa limeshamfikia.

"Yesu wangu!" Yonasi akapiga kelele. Yonasi ni mdogo wangu, tumbo moja, na kazi yake safarini ni kushikilia mlango wa kushoto usifunguke na kuimba nyimbo za kwaya. Wimbo ulimkatikia mdomoni.

Gari lilikwenda likazimika mbele kidogo. Vumbi likatupita. Lilipotulia nikamwona kwenye kioo cha pembeni: maksai mkubwa, mwekundu, shingo ina sugu ya nira, kalala ubavu kando ya barabara. Akajaribu kuinuka. Miguu ya mbele ilikubali, ya nyuma ikakataa. Akabaki hivyo hivyo, kichwa juu, anatutazama.

"Dada, yuko hai," Yonasi akasema. "Tushuke."

"Ushuke uende wapi?"

"Tumtafute mwenyewe."

"Mwenyewe akija na wenzake na marungu, utawaimbia kwaya?"

Ndivyo tulivyokuzwa sisi watu wa juu. Wafugaji wa bondeni, tuliambiwa, ukimgusa ng'ombe wao mmoja wanapiga yowe, na yowe likishapigwa kila kichaka kinatoa mtu. Mimi sijawahi kulisikia hilo yowe. Lakini kulisimulia nimelisimulia sana, kibandani kwangu pale Chapwa, tena kwa mikono na macho. Halafu nyuma nilikuwa na vitenge vya ng'ambo na marobota ya mitumba, ile sisi wa mpakani tunayoiita salaula, na mnada wa Kamsamba ulikuwa kesho yake. Nikapiga stata. Landrova ya marehemu mume wangu, ambayo siku nyingine haiwaki mpaka isukumwe na kanisa zima, siku hiyo iliwaka mara moja.

Tukaondoka. Kwenye kioo kile kichwa kilikuwa bado kiko juu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka ule ofisi za wilaya zilipokuwa ndiyo kwanza zinahamia Chitete. Ukishaipita Chitete kuteremka bondeni, wakati ule wa kiangazi, ni mchanga, miiba na jua. Huoni nyumba, huoni mtu, simu inakuwa tochi tu. Kwenye kiti changu springi zimetoka nje, joto la injini linapanda kwenye magoti, na Yonasi kanyamaza. Afadhali angeimba.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Sijasema kitu, dada."

"Huko kutosema kwako ndiko ninakokuuliza. Unataka nini? Tukachomewe gari? Kitenge kimoja kule kimechukua jasho langu, wewe umetoa jasho la nini? Shikilia mlango huo!"

Wanaonijua wanajua. Nikiwa na haki mimi ni mpole kama maji ya mtungini. Nikiwa na kosa nagombana hata na mdogo wangu asiyejibu. Na kosa nilikuwa nalo kabla hata sijatoka mjini. Fundi aliniambia, "Mama, breki hizi zitakuja kukuaibisha." Nikamwambia nikirudi mnadani.

Nilikuwa bado namfokea Yonasi tulipofika kwenye korongo. Ni mto wa mchanga mtupu, mpana, una maji wakati wa masika tu. Kila dereva wa njia ile anajua: unasimama ukingoni, unaingiza fowili, magurudumu yote manne yakamate, ndipo unashuka. Hilo mume wangu alinifundisha kabla hajanifundisha kurudi nyuma. Mimi nikashuka vivi hivi, mdomo wazi, natukana. Katikati ya korongo gari likanguruma, likarusha mchanga, likakaa. Nilipokumbuka kuingiza fowili lilikuwa limeshazama mpaka kwenye ekseli.

Tukachimba kwa sufuria. Tukatandika matawi. Kila tulichotandika kilimezwa. Yonasi akakaa chini, akajifuta uso.

"Dada, hii ni ishara."

"Mungu hana muda na Landrova. Chimba."

Ndipo nilipoliona bampa. Taa ya pembeni ilikuwa imevunjika, na kwenye boliti zilinasa nywele nyekundu, na damu imekauka. Nikamwambia Yonasi afute. Yonasi, ambaye tangu utotoni hajawahi kunikatalia kitu, akatazama pembeni. Nikafuta mwenyewe kwa mchanga na pindo la kitenge changu.  

Sijamaliza kuukunja upindo vizuri nikasikia salamu ya asubuhi ya wafugaji, "Mwangaluka!"

Mtu mrefu, ndala za tairi, fimbo begani, kisu kiunoni, anateremka ukingo wa pili. Peke yake. Nilitazama nyuma yake nikiwatafuta wale wengine wa kwenye hadithi zangu. Hakuna.

"Mwangaluka, baba," nikajibu.

"Poleni. Korongo limewakamata." Akalizunguka gari, akachuchumaa, akatikisa kichwa. "Mimi naitwa Ngassa, nyumba yangu iko hapo nyuma ya migunga. Mmetoka Chitete?"

"Ndiyo."

"Basi mtanisaidia. Njiani hamjaona maksai? Mwekundu, mkubwa. Ametoka zizini alfajiri, nadhani kafuata majani yaliyochipua kule kulikoungua. Anaitwa Diwani."

"Kwa nini Diwani?" Yonasi akaropoka.

"Kwa sababu asiposukumwa hafanyi kazi." Ngassa akacheka, meno yote nje. "Mwenzake ni Katibu. Huyo kila Diwani anakokwenda, na yeye yupo. Nimewafundisha pamoja tangu wadogo. Sasa tazama mawingu yale. Mvua ikishuka Diwani hayupo, mwaka huu tunalima kwa mikono, mimi na mke na watoto, na kwa mikono mpunga wa kula mwaka mzima hautoki."

Nilicheka kile kichekesho cha Diwani. Hilo nalo nililifanya, nikacheka kabisa, sauti ikatoka.

"Hatujaona," nikasema.

Yonasi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Haya," Ngassa akasema. "Nilikuwa naelekea huko huko juu kumtafuta. Lakini mvua ikinyesha huko kwenu milimani, korongo hili linajaa bila kumuaga mtu. Tuanze na gari. Diwani ana miguu, atarudi."

Nikasema asante. 

Akarudi kwake kuleta ng'ombe. Huku nyuma akaja mkewe, Mama Leah, na dumu la maji na kibuyu cha maziwa mgando. Maji yale walikuwa wameyachimba kwenye mchanga, unakaa na kikombe unasubiri yajichuje. Alinimiminia mimi kwanza, akaniita mgeni. "Kunywa, mama, umechoka. Uso umekushuka." Nikanywa. Maziwa yalikuwa matamu, na kila funda niliona ile shingo yenye sugu. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Kule barabarani hakukuwa na mti wa kivuli hata mmoja, nilikuwa nalijua hilo, nilipapita. Nikatamani mtu anizabe kofi.

"Mwambie," Yonasi akaninong'oneza Mama Leah alipogeuka.

"Gari litoke kwanza. Tukishatoka nitamwambia."

"Tukishatoka utawasha, dada."

 

Ngassa akaja na Katibu, amemfunga nira moja na dume dogo ambalo halijawahi kuvuta hata gogo. Akafunga mnyororo kwenye chasisi. "Mama, washa, ingiza fowili, nikisema haya, kanyaga taratibu."

Nikawasha. Akapiga mluzi. Lile dume likasukuma hovyo, likapiga magoti. Katibu hakuvuta. Alisimama upande wake, upande wa kushoto, akamnusa yule mgeni shingoni, akainua pua. Kisha akaanza kugeuka, nira na mnyororo vyote, akielekea tulikotoka sisi, barabara ya Chitete, akilia. Sijui kama umewahi kumsikia ng'ombe akiita. Si kama anavyolia njaa.

"Hujawahi kunifanyia hivi," Ngassa akamwambia. Akamrudisha. Akapiga mluzi. Katibu akageuka tena, akalia tena. Mara ya tatu Ngassa akainua fimbo akamchapa mgongoni.

"Baba Leah!" mkewe akashtuka. "Huyo humchapi!"

"Nifanyeje? Watu wamekwama, mvua inakuja!" Akachapa ya pili. Katibu alipokea tu, ngozi ikamtetemeka, uso wake bado uko juu barabarani. Na Ngassa mwenyewe alikuwa anachapa huku uso kaupindisha pembeni, kama anayemeza dawa chungu.

Nikazima gari. Nikaruka chini.

"Usimpige!" nikapiga kelele. "Usimpige, baba, mwenzake nimemgonga mimi! Mimi nimemgonga, asubuhi, nikamwacha!"

 Mama Leah akashika mdomo. Mimi nikajikunyata, nasubiri lile yowe. Nilikuwa nalisubiri kweli, na ningelipokea. Ngassa akateremsha fimbo.

"Alikuwa hai?"

Hakuuliza kingine.

"Alikuwa hai. Miguu ya nyuma. Alikuwa amekaa, kichwa juu."

"Ni wapi?"

"Kabla ya kilima cha mawe, kulia."

Akakimbia. Mtu mzima yule, alikimbia huku ameshika kisu kisimpige pajani. Ndipo nilipoelewa. Ng'ombe aliyevunjika hatibiwi, anachinjwa. Angemchinja, nyama ingepelekwa mnadani kesho yake, na kwa nyama ya maksai mkubwa vile unapata dume la kufundisha kabla masika hayajachanganya. Lakini akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakuna nyumba inayokila kule, ya Mkristo wala ya Mwislamu. Nikavua viatu nikamfuata. Mchanga ulikuwa unaunguza. Nilikuwa nakimbia naomba, mimi niliyesema Mungu hana muda: Baba, mweke hai, mweke hai kidogo tu, afike.

Nilipofika Ngassa alikuwa amepiga magoti. Diwani alikuwa pale pale nilipomwacha, ila kidogo kidogo alikuwa amejiburuta, alama zinaonekana kwenye mchanga, akijaribu kurudi upande wa nyumbani. Kichwa kilikuwa chini. Ngassa kaweka kiganja shingoni, karibu na ile sugu, na mkono wa pili umeshika kisu.

"Ana joto," akasema. "Jicho halijakauka. Amekufa sasa hivi."

Akakirudisha kisu kwenye ala. Akasugua sugua ile shingo, taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake uchovu.

Nikaanza kusema. Loo, nilisema! Nilimwambia achukue vitenge vyote, achukue marobota, nitauza hata Landrova, nitakaa na wazee wake, nitaleta wazee wangu, nitalipa ng'ombe na fidia juu. Nilimwambia kuhusu breki. Nilimwambia niliogopa wangetuua. Yote yalinitoka mara moja, na machozi na kamasi, mwanamke mzima nimesimama pekupeku barabarani. Akaniacha nimalize.

"Hakuna ambaye angekupiga, mama," akasema. "Gari hugonga. Hata sisi matrekta yametugongea ng'ombe. Ng'ombe utalipa, wazee watakaa, tutaelewana, hilo usiogope." Akainuka, akapangusa magoti. Aliponitazama hakuwa na hasira, na mimi nilikuwa naitafuta hasira yake kama maji. "Lakini nilikuwa nakuja huku huku. Kisu hiki hapa, nilikuwa nacho. Nimekukuta wewe, nikakuuliza."

 

Kule milimani kuligeuka bluu nzito, radi ikapiga mbali. Ngassa akakata matawi ya miiba akamfunika Diwani, tai wasimwahi kabla hajarudi kuchukua ngozi. Nikakata na mimi, kwa mikono, miiba ikanichana. Hakuniambia niache.

Halafu akaokota fimbo yake, akaanza kurudi korongoni kwa haraka, kwa sababu gari langu lilikuwa bado liko mchangani.