Notisi ya Kioko

Kavindu hakuwa na kaburi la mume. Hakuwa na cheti cha kifo, wala matanga ya kukumbuka, wala jibu la kumpa binti yake Kanini. Mume alikuwa naye, chini ya mwamba wa timbo la mawe huko Lukenya, na kila alasiri aliitika jina lake.

Kijiji chao kilizaliwa na reli. Mababu walipasua kokoto za kutandaza chini ya mataruma, wajukuu wakapasua mawe ya maghorofa ya Syokimau. Desturi ilibaki ile ile. Kabla ya kuwasha utambi wa baruti, nyapara aliita majina, na kila mtu akaitika akiwa amekanyaga reli, nje ya hatari. Siku moja Kioko, mume wa Kavindu, alirudi shimoni kuchukua nyundo, akaitika kutoka huko huko. Nyapara Ngui alisikia "Niko," akawasha.

Tangu hapo huitika kutoka chini, na hakuna anayesimamisha kazi kwa hilo.

Sasa mawe yamekwisha. Malori ya udongo yalipanga foleni kulifukia timbo, injini zikinguruma. Kavindu alisimama mbele ya meneja Kabiru.

"Nitolee mume wangu kwanza. Ukishamwaga huo udongo nitazika nini?"

"Mama, huyo ni marehemu ama ni mfanyakazi?"

"Ni marehemu."

"Nyapara, hebu ita."

"Ngui, usiite," Kavindu alisema. "Umekula kwangu mara ngapi? Usiite."

"Nisamehe, Mama Kanini," Ngui alisema, akaita.

"Niko," Kioko akajibu, kwa sauti ya mtu mwenye vumbi kooni.

"Unasikia?" Kabiru alimwambia Kavindu. "Siwezi kufukua mtu aliye kazini."

"Na kama yuko kazini, utamfukiaje?"

Kabiru alifikiri. Dereva wa lori la kwanza alishatia gia ya nyuma.

"Hapo umesema kweli," alikubali. "Lazima apewe notisi. Anajua kusoma?"

"Alisoma ngumbaru," Kavindu alisema, kisha akatamani angenyamaza.

Kabiru aliandika kwamba timbo limefungwa, Kioko aondoke kabla ya jua kutua, na asipoondoka lawama ni yake. Akailamba bahasha, akaifunga, akaifunga tena kwa uzi kwenye kamba ya kuteremshia baruti na kuiteremsha kwenye ufa wa mwamba.

Kamba ilivutwa kutoka chini, taratibu, kisha ikalegea. Barua ilikuwa imepokelewa.