Silinda Sita za Chepkoech

Mtu akitaka kumchemsha Chepkoech damu, amwambie kwamba gari la zamani la Kimarekani lisilo na injini ya V8, ya silinda nane, si gari. Wengi walishamwambia. Kule Manassas, Marekani, kwenye maonyesho ya magari ya kale, wazee wenye vitambi walipita mbele ya Valiant yake ya mwaka sitini na nne, wakainama chini ya boneti, wakahesabu plagi sita, wakaondoka wakicheka kama watu walioalikwa nyama choma wakakuta uji. Alitamani kuwarushia spana. Injini ile ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zimeegemea upande mmoja, na ilikuwa ikichapa kazi baada ya miaka sitini, huku injini nyingi za hao wachekaji zikilala gereji zikingoja vipuri.

Lakini wazee wale walikuwa maadui wadogo. Adui mkubwa alikuwa Gichuki, mumewe.

Valiant ile ilifika nyumbani kwao Hyattsville ikiburutwa, haina hata taa. Chepkoech aliifufua mwenyewe. Ufundi aliutoa kwa baba yake, aliyetengeneza malori ya majani chai huko Kericho, malori ya silinda sita hizo hizo, na tangu utotoni alijua kuzisikiliza. Akitoka zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, alivua sare, akavaa ovaroli, akaingia chini ya gari. Miaka minne. Mchango wa Gichuki katika miaka hiyo ulikuwa kushika tochi mara mbili na kulalamika kwamba mkewe ananuka oili. Ndiye pia aliyekwenda kusajili gari, kwa sababu siku hiyo Chepkoech alikuwa kazini, akaliandika kwa jina lake mwenyewe.

Halafu, mwezi wa tano, mwanamume mmoja mwenye kamera huko Manassas akauliza nani ameifufua injini safi namna ile. Gichuki akaweka kiganja juu ya boneti, akajibu bila kupepesa macho, "Mimi. Wife huniletea chai."

Chepkoech alikuwa amesimama pale pale, chupa ya chai mkononi. Walishagombana kwa mengi, lakini neno hilo ndilo lililovunja nyumba. Kufikia mwezi wa saba Gichuki alikuwa amehamia kwa binamu yake Fairfax. Vyombo hakuvitaka, kochi hakulitaka. Alichotaka ni Valiant.

Jumamosi asubuhi mzee wa kanisa akaja kuwaamua. Papa Evariste alikuwa mtu wa Bukavu, mpole, mwenye koti hata wakati wa joto, na alikuja na mkewe, Mama Spéciose. Viti vya plastiki vikapangwa uani, hatua chache kutoka kwa gari lenyewe.

"Bon," alisema Papa Evariste. "Kila mutu atasema yake, mwingine anyamaze. Papier, karatasi ya hii mutuka, iko na jina ya nani?"

"Yangu," alisema Gichuki.

"Na mikono iliyoitengeneza ni ya nani?" aliuliza Chepkoech. "Papa, muulize huyu bwana afungue boneti akuonyeshe kabureta. Akiipata, nampa gari na mimi mwenyewe pia."

Mama Spéciose aliziba mdomo asicheke. Gichuki hakucheka.

"Sawa. Mnasema sijui kitu," alisema, akasimama. "Last week huyu akiwa job nilikuja hapa, nika-adjust tapeti mwenyewe. Mwenyewe! Hiyo tiki-tiki ya kila siku nimeimaliza. Sikizeni."

Chepkoech alihisi mikono ikimwasha. Gichuki alikuja wakati yeye yuko kazini, kwa ufunguo ambao hakuwa ameurudisha, akaitia vidole injini yake. Kabla hajapata la kusema, Gichuki alikuwa ndani ya gari. Akawasha.

Valiant iliwaka mara moja, ikatulia. Haikutoa tiki hata moja. Papa Evariste aliinamisha kichwa kando, akatabasamu. Mama Spéciose akasema, "Ebu sikia! Ni kama haiko!"

Chepkoech alisogea karibu na boneti.

Injini hizo hazinyamazi. Kati ya tapeti, mkono unaosukuma, na valvu inayofunga silinda lazima ibaki nafasi nyembamba sana, na nafasi hiyo ndiyo inayogonga tiki-tiki, tiki-tiki, siku zote za maisha ya gari. Fundi asiyejua huona kelele ni ugonjwa, akakaza mpaka kimya. Valvu zikipata moto hurefuka, zikakosa pa kufunga, na moto ukapita pembeni mwake ukizila polepole. Safari chache za barabara kuu zingetosha kuziunguza.

"Papa," alisema, na hasira yote ikamtoka sautini kwa hofu, "hii injini ikinyamaza ni mgonjwa. Amekaza sana. Valvu zitaungua. Nipeni nusu saa, nizilegeze."

Gichuki aliangua kicheko. "Mmeskia? Ikipiga kelele, kosa. Ikinyamaza, kosa. Huyu ni wivu tu."

"Si wivu! Nasema ukweli!"

"Mama, mama," alisema Papa Evariste, akiinua mkono kama anayetuliza mtoto. "Mi naelewa. Moyo inauma. Lakini mutu mwenye hajuwe kazi hawezi kufanya mutuka inyamaze hivi. Papier iko yake, na kazi tumeisikia na masikio yetu. Yeye achukue mutuka. Wewe bakia na vyombo vya nyumba. Tuombe."

Wakaomba. Chepkoech hakufumba macho. Alimtazama Gichuki aliyefumba yake kwa unyenyekevu wote wa dunia, na akamchukia kuanzia nywele mpaka soli za viatu.

Baada ya amina, Mama Spéciose alimshika Papa Evariste mkono wakaelekea kwenye gari lao. Gichuki aliingia ndani ya Valiant, akatia gia, kisha akaitoa. Akashusha kioo. Alitazama kama wazee wako mbali, akamwita kwa kidole.

Chepkoech alikwenda.

"Chep," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Ile kitu umesema. Ya valvu." Alitazama tena nyuma. "Ni ukweli ama ilikuwa hasira tu? Niambie. Kesho naipeleka Manassas, na kwa highway ya Beltway nitaenda mbio."

Miaka minne alikuwa amengoja mtu huyu amuulize kitu kuhusu injini. Sasa ameuliza, na ameuliza kwa kunong'ona, ili asisikike na yeyote. Angemwambia, Gichuki angekwenda kuzilegeza Fairfax polepole, na kesho angesimama tena mbele ya kamera, kiganja juu ya boneti. Asingemwambia, valvu zingeungua njiani, basi. Chini ya boneti injini ilikuwa ikizunguka kimya, na Chepkoech aliijua kila boliti yake.

"Ilikuwa hasira," alisema.

"Kweli?"

"Iko sawa. Umefanya kazi safi."

Uso wa Gichuki ulilegea, na kwa mara ya kwanza tangu waijue Valiant, alisema, "Asante, Chep." Alikuwa anamaanisha.

Akaondoka. Chepkoech alisimama barabarani akisikiliza mpaka gari lilipokata kona, akitega sikio apate japo tiki moja, asiipate. Gari la wazee wa kanisa likapunguza mwendo mbele yake, na Mama Spéciose akatoa kichwa dirishani.

"Tumeona vile mumesemezana vizuri, mama," alisema. "Umesamehe. Mungu akubariki."

Chepkoech aliitikia kwa kichwa. Kisha akaingia ndani, akakaa jikoni, akailia injini kwa sauti mpaka koo likamkauka. Kwa Gichuki hakuwa na chozi hata moja, na simu ilikuwa mezani mbele yake mchana kutwa, namba yake ya kwanza kwenye orodha, wala hakuigusa ili kumwonya.