Siku Boti Ilipokwama Chini ya Uwanja

Meli za watalii zikifunga gati hapa Livorno, abiria wengi hata mji wetu hawautazami. Wanashuka, wanaingia kwenye mabasi, wanakwenda zao Pisa na Firenze, na jioni wanarudi na mifuko. Wachache wanaobaki ndio wanaotulisha mimi na Nedo. Yeye anaendesha boti, mimi nashika kipaza sauti na kueleza habari za mifereji, ngome, na nyumba za wafanyabiashara wa kale. Siku ninayoisimulia tulikuwa tumefanya kazi hiyo pamoja miaka tisa.

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Oktoba, na abiria walikuwa kumi na mmoja, wote watu wa kaskazini. Wawili niliwatambua mapema. Mmoja alikuwa injinia mstaafu wa Brescia, jina lake Zanardini, mtu mrefu mwenye koti zuri, aliyeachwa na basi la Pisa na hasira yake ilikuwa bado mbichi. Wa pili alikuwa mama mjane wa miaka themanini, Fiorenza, aliyekuja peke yake. Mabinti zake ndio waliomchangia safari. Alichagua kukaa katikati kabisa ya boti, akashika benchi kwa mikono miwili kabla hata hatujang'oa kamba.

"Umekosa mnara uliopinda, Injinia," Nedo alimwambia Zanardini. "Usijali. Sisi tutakupa mfereji ulionyooka. Aliyeuchimba hakuwa amelewa."

Watu walicheka, isipokuwa mwenyewe. "Meli inaondoka saa kumi na mbili," alisema. "Mzunguko ni saa moja kweli, au saa moja ya Livorno?"

"Saa moja kweli. Na kama tukichelewa watakungoja. Wataondokaje bila mtu wa kulalamika?"

Tulikwenda vizuri nusu ya kwanza. Lakini upepo wa kusini magharibi ulikuwa umeanza tangu adhuhuri, na tulipofika karibu na kanisa la Waholanzi niligeuka nikaona vilima vya Montenero vimepotea. Pale vilipokuwa palikuwa na kitu cheusi kilichoshuka mpaka chini. Nedo naye alikiona. Akaniita kwa kidole.

"Marusca, tugeuze hapa," alisema polepole. "Handaki tuliache leo."

Handaki alilolisema ni lile linalopita chini ya uwanja mkubwa. Mfereji unaingia upande huu, unapita gizani zaidi ya mita mia mbili, halafu unatokea upande wa Ngome Mpya. Juu yake mabasi yanapita na watu wananunua magazeti bila habari. Kila anayepanda boti yetu hulingoja hilo.

Zanardini alikuwa na masikio. "Tuliambiwa handaki," alisema. "Pisa sikufika. Na hili nalo nilikose?"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Nedo alinitazama mimi, maana kwa mambo ya wageni mwenye neno la mwisho ni mimi. Nilihesabu kichwani: dakika nne, tano, mvua bado iko mbali.

"Twende, Nedo," nilisema. "Dakika nne tu."

Hakubisha. Aliinamisha kichwa akaingiza boti gizani.

Ndani kuna taa chache ukutani, na dari ni la matofali lililopinda kama mgongo wa pipa. Katikati liko juu, huligusi hata ukisimama, lakini kwa pembeni linashuka mpaka kukutana na maji. Nilikuwa ndio naanza maelezo yangu niliposikia mvua. Haikuwa sauti ya matone. Ilikuwa kama mtu amemwaga kokoto juu ya uwanja wote kwa wakati mmoja. Halafu mabomba ya ukutani, yanayoleta maji ya barabarani, yakaanza kutapika. Moja, matatu, yote. Maji ya kahawia yenye majani na vikombe vya karatasi.

Mtambo ukakohoa mara mbili, ukazima.

Nedo aliinama nyuma, akapapasa. "Turubai," alisema. "Limejisokota kwenye propela." Akachukua kisu, akaanza kukata, lakini mkondo ulikuwa umeshatushika. Boti ilizunguka taratibu, ikasukumwa pembeni, na ubavu wake wa kulia ukaingia chini ya lile dari linaloshuka. Nikasikia mbao zikilia. Nedo alinyoosha mkono ili kuizuia, na mkono ukabanwa kati ya boti na matofali. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umevunjika," kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya wiki.

Taa zikazimika zote.

Nikawasha tochi ya simu; mtandao haukuwepo. Kwenye ukuta nikaona pete ya chuma, ya kufungia mashua za zamani, ikiwa kiasi cha shubiri mbili juu ya maji. Nikamfungia Nedo mkono kwa skafu yangu. Nilipomulika tena ukutani, pete sikuiona. Nilimulika kushoto, nikamulika kulia. Ilikuwa imeshazama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji yanapanda, boti inapanda nayo, na dari halisogei. Upande wa kulia ulikuwa umebanwa na usingeweza kupanda. Wa kushoto ungeinuka, na boti ingelala ubavu itumwage. Na mimi, niliyekuwa nikiwaonyesha watu jinsi ya kufunga maboya yao ya kujiokolea kwa miaka tisa, sijui kuogelea. Nedo hakuwa na habari hiyo. Hata mume wangu sikuwahi kumwambia. Na watu kumi na mmoja walikuwa wananitazama mimi.

"Vaeni maboya," nilisema. "Kila mtu akae."

Zanardini akasimama. "Nikiruka pale nitafika ukutani, kuna kijia," alisema. Hapakuwa na kijia. Boti ikainama, mwanamke mmoja akalia, maji yakaingia yakatulowesha miguu.

Mama Fiorenza alimkamata koti kwa nyuma. Hakumwachia.

"Kaa chini, kaka."

"Niache, mama. Tutakufa hapa."

"Kaa kwanza." Sauti yake ilikuwa inatetemeka vibaya, lakini haikusita. "Mimi ni mtu wa Polesine. Nilikuwa na miaka saba Mto Po ulipopasua kingo zake. Tulikaa juu ya paa siku mbili, sisi watano. Siku ya pili ilipita mashua, baba akasimama ili aipungie mkono. Alisimama tu, hakufanya kingine, na maji yakamchukua. Kaa chini."

Akakaa. Kisha, kwa kuwa dari lilikuwa linakaribia vichwa vyetu, tukalala wote chali, tumebanana kama samaki kwenye sanduku, nyuso zetu zikiyatazama matofali. Yalikuwa yananuka ukungu na mafuta ya dizeli. Kutoka juu nilisikia king'ora cha gari kikipita uwanjani, kikaenda zake. Hakuna aliyejua tuko chini yake. Nilijisikia kutaka kukojoa, na niliona aibu, na niliona ajabu kwamba bado nina nafasi ya kuona aibu.

Zanardini alikuwa kando yangu, upande wa dari la chini. Miguu yake mirefu haikuwa na pa kukaa, akaikunja, akaiegemeza kwenye dari. Akanyoosha magoti. Boti ikashuka kidogo upande ule, ikateleza.

Akafanya tena.

"Imesogea," alisema. "Mmesikia? Wekeni miguu juu. Wote. Msisukume juu, sukumeni kama mnatembea, kuelekea kule."

Tukaweka miguu juu. Viatu vya watalii, vyeupe na safi, vikakanyaga dari la kale. Mara ya kwanza kila mtu alisukuma kwa wakati wake na boti ikatikisika tu. Mama Fiorenza akaanza kuhesabu.

"Moja. Mbili. Sukuma. Pumzika. Moja. Mbili. Sukuma."

Boti ikachomoka kwa mlio wa mbao kuchanika, ikaingia katikati, mkondo ukaichukua. Nedo alikuwa kwenye usukani kwa mkono mmoja. "Inaturudisha pembeni," alisema baada ya muda, na kweli, tukabanwa tena, tukatembea tena darini. Mara tatu. Mara ya tatu mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi na nikaanza kuomba kwa Mama Maria wa Montenero, maneno ya utotoni ambayo sikujua kama bado ninayo. Fiorenza hakuacha kuhesabu. Alipokosea, alirudia moja.

Kisha ukutani kukawa na weupe, na mvua ikatupiga usoni, na tukawa nje, chini ya Ngome Mpya, maji yako karibu na ukingo wa barabara. Wanaume wawili wa zimamoto waliokuwa wakifunga njia walituona wakatupa kamba.

Nedo alipelekwa hospitali. Sisi wengine tulisukumiwa kwenye baa ya karibu, mwenye baa akatupa kahawa ya moto yenye ramu bila kuuliza. Zanardini alishika glasi yake kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyesema handaki," aliniambia.

"Mimi ndiye niliyesema twende."

Mkono wa Nedo ulikuja kupona mwezi wa pili, ingawa kidole cha mwisho hakikunjiki hadi leo. Nilipokwenda kumwangalia alinikaribisha, akanimiminia kahawa, na hakunitania hata mara moja. Hapo nilijua amekasirika kiasi gani.

Siku ile, mvua ilipopungua, basi dogo lilikuja kuwarudisha melini. Kumi walipanda. Mama Fiorenza alibaki mlangoni mwa baa.

"Mimi sipandi, binti yangu."

"Mama, ni dakika kumi tu mpaka gatini."

"Hilo basi nitalipanda. Meli sipandi. Nionyeshe stesheni."

"Na mizigo yako?"

"Ni nguo tu. Watanitumia."

Nilipiga simu gatini nikawaeleza, wakalalamika, kisha wakaandika jina lake. Nilimpeleka stesheni kwa gari langu, taratibu, nikikwepa barabara zilizojaa maji. Nilimnunulia soksi kavu kwenye duka la stesheni, akazivaa pale pale kwenye benchi, nikamkatia tiketi ya kupitia Firenze na Bologna mpaka Rovigo, kwao. Alipopanda treni alichagua kiti cha mbali na dirisha.

"Ulihesabu vizuri," nilimwambia, nikiwa nimesimama mlangoni.

"Nilikuwa nimefumba macho," alisema. "Sikuona chochote. Nenda nyumbani, unatetemeka."

Treni iliondoka. Badala ya kurudi kwenye gari nikakaa kwenye benchi la abiria. Treni mbili zilipita. Mfanyakazi wa stesheni alikuja akaniuliza ninakwenda wapi, anisaidie.

"Siendi popote," nilimwambia. "Naomba nikae kidogo."

Aliyatazama mavazi yangu yaliyolowa, akavua koti lake la kazi, akaniwekea mabegani.