Hodi Isiyo na Karibu

Kufuli lilikuwa jipya, bado lina mafuta ya dukani. Lilining'inia kwenye mlango wa jiko la binti yangu. Mimi nilikuja tu kumsalimu mjukuu wangu wa darasa la pili, mtoto wa kaka yake, anayekaa pale kwa ajili ya shule.

"Jiko linafungwa mchana kweupe? Kuna simba humo?"

"Kuna maji, mama," akanijibu huku akipiga pasi. "Huyo Bomba wako anamaliza ndoo, kisha analifurisha godoro. Namfundisha kujizuia."

Bomba ndilo jina walilombandika. Nikamkuta bafuni, amekalia ndoo iliyopinduliwa, ananyonya kitambaa cha kuogea chenye unyevu kidogo pembeni. Midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi, ngozi ya moto.

"Bibi, usimwambie," akasema, ulimi mzito.

Jamani! Hata mbuzi wa kuchinjwa hupewa maji.

Nikamfunga mgongoni hadi hospitali. Wakamtundikia maji. Alipopata nafuu wakamchoma sindano ya homoni, wakangoja mkojo ukolee rangi. Wapi! Ukazidi kutoka mweupe kama maji ya mvua. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, ubongo hutuma homoni ndani ya damu iziambie figo: banieni maji, mwili unayahitaji. Homoni hupita mwili mzima, ila huitikiwa na seli zenye kipokezi chake tu. Ya mjukuu wako ipo, tena tele. Inafika kwenye figo, inapiga hodi. Lakini vipokezi vina kasoro tangu kuzaliwa. Hakuna wa kusema karibu, basi maji yanajipitia."

"Na ile sindano?"

"Tuliongeza hodi tu."

Binti yangu, aliyesimama miguuni mwa kitanda, akasonya. "Kumbe hata figo zake kaidi! Sikio la kufa halisikii dawa."

"Kitakachomuua ni kunyimwa maji," daktari akamkatiza. "Anywe kila aonapo kiu. Chumvi apunguziwe, na dawa zake nitaandika."

"Atadeka huyo. Akirudi kwangu nitamzoesha kidogo kidogo."

Damu ikanichemka. Kuzoesha! Kiziwi unamzoesha kusikia kwa kumkaba koo? Mtoto aliporuhusiwa nikaja naye kwangu, nikamwekea mtungi kando ya kitanda, kikombe cha bati juu ya kifuniko, na karatasi ya nailoni chini ya shuka.

Jumamosi shangazi mtu akaja kumchukua.

"Hodi!"

Nilikuwa sebuleni nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua.

"Hodi humu ndani!"

Mjukuu akanitazama, nikaweka kidole mdomoni. Yule akaupiga mlango kwa kiganja, akaita na jua la utosini, mpaka sauti ikakwaruza.

"Mama, kwani hamsikii? Nimeita mpaka koo limekauka!"

"Ongeza sauti," nikamjibu kupitia dirishani. "Huenda mlango una kiburi. Uzoeshe kidogo kidogo."

Kisha, polepole: "Naomba maji basi, mama."

Mjukuu alikwishainuka, kikombe kimejaa mpaka ukingoni. "Karibu, shangazi," akasema, akafungua.

Akanywa chote, akajifuta midomo, macho yasitulie popote.

"Begi la mtoto liko wapi?"

"Begi haliendi mahali. Ufunguo wa kufuli lile uko wapi?"

Akapekua mkoba wake kwa muda mrefu, kisha akauweka juu ya ungo wangu, katikati ya maharage. Nikautoa na kuutupa pamoja na mawe.