Mama Abigael na Namba Tisa

Abigael alihitimu chuo mwaka 2009. Mama yake hakuhitimu.

Kwa miaka mitatu Leokadia alikuwa amemfuata bintiye kwenye kila mechi ya timu ya kikapu ya wasichana wa Chuo cha Ellerby, iwe hapo hapo Toronto, iwe huko mbali ambako gari linapita katikati ya kuta za theluji. Abigael alipopata cheti chake na kazi Calgary, watu wa nyumbani walidhani mambo yamekwisha. Msimu mpya ulipoanza, Leokadia akatoka ofisini kwake Markham, alikokuwa akishughulikia madai ya bima, akaenda moja kwa moja ukumbini, akakaa mahali pake pa siku zote, mstari wa mbele, akaanza kumwambia refa afungue macho. Mumewe, Urbanus, alimwuliza sasa anakwenda kumshangilia nani. Akajibu kwamba anaishangilia timu. Urbanus akasema timu hakuizaa yeye, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Si kwamba mchezo hakuujua. Alicheza netiboli shuleni Bukoba, na alikuwa na jicho. Akimtazama mchezaji kidogo tu alijua mguu upi anauamini, bega lipi analionea huruma. Taabu ni kwamba akishajua, lazima aseme, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya shamba la migomba. Mwezi wa pili wa mwaka 2011 msimamizi wa ukumbi alimfuata baada ya mechi, akamweleza kwa adabu kwamba marefa wamelalamika. Wakimsikia tena akiwasema, atatolewa nje, na mashindano ya kufunga msimu yatampita. Mashindano hayo yalikuwa wikendi iliyofuata, Ijumaa hadi Jumapili, hapo hapo Ellerby.

Leokadia alilitafakari jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani Malvern. Alipofika mlangoni alikuwa amepata dawa. Yule bwana alisema wakimsikia. Kuhusu Kiswahili hakusema kitu.

Ijumaa hiyo hakwenda peke yake. Jirani yake, Mariambai, bibi wa Kikhoja aliyezaliwa Tanga, alikuwa na mjukuu katika timu ile, Laiba, msichana mwembamba wa hijabu nyeusi ya michezo ambaye msimu mzima alikuwa amekaa benchi. Mwanawe Mariambai, Kazim, babake Laiba, alikuwa safarini kikazi, na bibi alitaka kuhakikisha kwamba mtoto anakula. Basi alipanda gari la Leokadia akiwa na bakuli la kachori mapajani, akaomba aelezwe mchezo. Leokadia alimweleza njia nzima. Walipofika, Mariambai alikuwa ameelewa kwamba mpira hautakiwi kukumbatiwa na kwamba wenye jezi ya kijani ndio wetu.

Robo fainali ilianza, na Leokadia akafungulia Kiswahili chake. Marefa walimgeukia, wakatazamana, wakaendelea na kazi. Huwezi kumtoa mtu kwa maneno ambayo huyajui. Akapaza sauti zaidi: yule wa saba hana mkono wa kushoto, msukumeni upande huo, yule mfupi akipumua kwa mdomo ujue anataka kupiga. Laiba, aliyekuwa akikisikia Kiswahili cha bibi yake tangu utotoni ingawa alikijibu kwa Kiingereza, alimsikiliza mama huyu kwanza kwa aibu, halafu kwa makini. Kisha akamwinamia kocha sikioni. Kocha akatazama, akaona kweli namba saba hana mkono wa kushoto, akaita mapumziko.

Ellerby walishinda bila kutoka jasho. Mechi ilipokwisha, Laiba alikuja akiwa na ujumbe wa kocha: mama aendelee kusema. Leokadia akalala usingizi wa mtu aliyepandishwa cheo.

Jumamosi ilikuwa nusu fainali, na wapinzani walikuwa Chuo cha Dunmore, kutoka Windsor. Nguzo yao ilikuwa namba tisa, msichana mweusi mrefu, mwenye nywele zilizosukwa mistari na uso usioonyesha kitu. Leokadia alimpima akamwona ana tundu.

"Huyo tisa ni mrefu bure," akatangaza. "Kuinama hawezi. Pitisheni mpira chini."

Laiba akamnong'oneza kocha, kocha akapeleka amri, wasichana wakapitisha mpira chini. Namba tisa akainama kama mtu anayeokota sindano, akauchukua, akaenda kufunga.

Leokadia alidhani ni bahati. Akasema anachoka upesi, mkimbizeni; msichana akakimbia kama ndiyo kwanza asubuhi. Akasema anapenda kuzungukia kulia, mzibeni kulia, akapita kushoto. Kila lililotoka mdomoni mwa Leokadia lilirudi likiwa kikapu dhidi ya Ellerby. Kocha akaanza kumtazama Laiba kwa jicho baya, na Laiba akaanza kumtazama Leokadia hivyo hivyo.

Mariambai, ambaye mpira wenyewe bado ulikuwa unampiga chenga, alikuwa akitazama nyuso za watu. Akamgusa mwenzake mkono.

"Mama Abigael, yule mtoto anatusikia."

Leokadia alisema haiwezekani, mtoto wa Windsor atakijulia wapi Kiswahili. Mariambai akasema kwamba wakati ule Leokadia alipomwita mrefu bure, msichana aliuma mdomo wa chini ili asicheke. Leokadia hakukubali. Wakawa wanabishana hivyo wakati mpira ulipotoka nje, na namba tisa akaja kusimama karibu yao kabisa, mgongo ukiwaelekea, akingoja refa ampe mpira aurushe ndani.

Mariambai akasogea mbele kidogo. Akasema kwa sauti ya chini, ya kibibi, ya upole:

"Mwanangu, kamba ya kiatu imefunguka. Utaanguka."

Refa akampa mpira. Namba tisa akaupokea, na macho yake yakateremka miguuni. Akatazama kiatu cha kulia, akatazama cha kushoto. Kamba zote zilikuwa zimefungwa vizuri. Alipoinua kichwa filimbi ilikuwa imeshalia: amekawia, mpira umekuwa wa Ellerby. Watu wa Dunmore walipiga kelele wakiuliza kimempata nini. Msichana akageuka polepole, akawatazama wale akina mama wawili. Hakuonyesha hasira hata kidogo.

"Nimemdanganya mtoto wa watu," Mariambai akasema. Alikuwa ameshika shavu.

Leokadia hakuwa na nafasi ya kumfariji. Siri yake ilikuwa imekufa. Alijaribu Kihaya, lakini Laiba alimkodolea macho tu. Kiingereza alikatazwa. Akakaa akiwa na maarifa yake yote kifuani kama mtu aliyemeza jiwe, na Dunmore wakazidi kufunga. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba nyumbani kwao Laiba kulisemwa lugha nyingine.

"Mama Kazim," akasema, "Kikachi kinapigiwa kelele?"

Mariambai alisema katika maisha yake hajawahi kupiga kelele hadharani kwa lugha yoyote. Leokadia akamwomba, akamkumbusha kwamba huyo ni mjukuu wake anayetazamwa vibaya na kocha. Basi utaratibu ukawa hivi: Leokadia anaona, ananong'ona kwa Kiswahili, na Mariambai anasema kwa Kikachi. Mwanzoni alisema kama anayeomba chumvi mezani. Laiba hakusikia. Mara ya pili akaongeza kidogo. Mara ya tatu akasimama, akazungushia mikono mdomo, na sauti iliyotoka ilimfanya mzee wa mstari wa nyuma amwage kahawa.

Laiba akaruka kutoka benchini. Akafasiri, na safari hii mpango ukakubali. Namba tisa alitega sikio, akakunja uso, akatega tena. Hakuambulia neno.

Tafsiri, ni kweli, haikuwa safi. Leokadia akisema wawekeni kizuizi, Mariambai alisema jengeni ukuta. Tena aliongeza mambo yake: mtoto anywe maji, na yule wa kumi na moja apewe kachori kwa sababu amepauka. Lakini kikapu kwa kikapu Ellerby walirudi mchezoni. Kocha alipochoka kusubiri habari zipite benchini, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka ule. Akamwingiza Laiba, ili sikio liwe uwanjani.

Mariambai aliteremsha mikono kutoka mdomoni. Mjukuu wake alikimbia na wenzake, mdogo kuliko wote, hijabu ikiwa imekaza kichwani. Bibi akasahau kufasiri. Leokadia akamvuta nguo, akamnong'oneza kwamba namba tisa anauinua mpira juu mno kabla ya kugeuka. Bibi akapaza sauti, Laiba akaingia chini ya mkono wa namba tisa, akaupokonya mpira, akakimbia peke yake hadi mwisho, akafunga. Ukumbi ukalipuka. Timu zikawa sawa.

Shambulio lililofuata, Laiba alisimama njiani mwa namba tisa, na namba tisa alikuwa anakuja kwa kasi. Wakagongana. Laiba akaanguka chali, akateleza, akabaki amelala. Refa hakupuliza.

Leokadia alifungua mdomo, akajizuia, akageuka kumwambia Mariambai atulie. Kiti kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa ameshavuka mstari. Alikuwa katikati ya uwanja, mtandio umemshuka mabegani, kidole kimoja kimesimama chini ya kidevu cha refa, na aliyokuwa akiyasema yalianza kwa Kikachi, yakapitia Kiswahili, yakamalizikia kwenye Kiingereza, ambamo alimwuliza kama mama yake anajua anafanya kazi gani. Wachezaji wote walisimama. Namba tisa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Laiba, aliyekuwa mzima kabisa, aliendelea kulala kwa sababu hakutaka kuinuka aonekane ni wa ukoo ule.

Msimamizi wa ukumbi alikuja. Alimpita Leokadia, akamtazama kwa mshangao mara mbili, akaenda kumchukua Mariambai kwa mkono, taratibu, kama anayemvusha barabara.

Leokadia hakuwa ameacha mechi hata moja kabla haijamalizika, hata ile ya mwaka ambao homa ilimpanda mpaka akawa anaona mipira miwili. Na hapa timu zilikuwa sawa, dakika zimebaki kidogo. Aliutazama uwanja. Akamtazama bibi akipelekwa mlangoni, bila koti, bila bakuli lake. Akachukua vyote, akafuata.

Wakakaa kwenye kibenchi cha korido, kando ya mashine ya soda. Mlango ulifungwa, wakawa wanasikia kelele tu bila kujua ni za nani. Leokadia alitazamia kumkuta mwenzake analia. Kumbe uso wa bibi ulikuwa unawaka.

"Ulimwona lakini alivyompokonya?" Mariambai akauliza.

"Nilimwona."

"Nieleze tena."

Leokadia akamweleza. Alikuwa akimweleza mara ya tatu mlango ulipofunguliwa na watu kuanza kutoka, na kwa nyuso zao akajua. Ellerby walikuwa wamefungwa kwa kikapu kimoja, na aliyekifunga alikuwa namba tisa.

Yeye mwenyewe alikuja baadaye kidogo, taulo shingoni. Alisimama mbele yao akapiga goti kidogo.

"Jambo, bamama. Miye ni wa Bukavu. Nilisikia byote."

Leokadia alimpima upya kuanzia viatuni. Mariambai alikuwa ameshainuka na kumshika msichana mikono, akimwomba radhi kwa habari ya kiatu, akimsukumia kachori. Msichana alisema anaitwa Nsimire. Alisema mama yake anafanya kazi wikendi katika nyumba ya wazee, hajawahi kumwona akicheza. Alikula kachori mbili papo hapo, akapangusa mdomo.

"Tangu nifike huku," akamwambia Leokadia, "hakuna mama aliyenigombeza kwa Kiswahili nikiwa uwanjani. Ule mwingine aliposema lugha isiyojulikana, nikaona mumenitupa."

Leokadia alicheka mpaka akashika mashine ya soda.

Jumapili Urbanus alistaajabu kumwona mkewe anarudi tena ukumbini wakati timu yake imeshashindwa. Akamweleza kwamba kuna mechi ya mshindi wa tatu, na baada ya hapo kuna fainali, ambayo nayo inamhusu. Urbanus akauliza fainali ya akina nani. Akaambiwa ni habari ndefu.

Mariambai aliruhusiwa kuingia kwa sharti la kukaa mstari wa tano. Kocha alimpa Laiba karibu nusu nzima ya mechi ya kwanza. Hakufunga tena, alikosa mipira miwili ya wazi, lakini Ellerby walipata nafasi ya tatu na medali za rangi ya shaba. Laiba alipokuja kuwaambia kwamba sasa wanaweza kwenda nyumbani, aliwakuta wamehamia upande wa Dunmore, mstari wa tano, nyuma ya benchi la wapinzani wa jana, na Leokadia ameshaanza kumwelekeza Nsimire ni nani asiyeweza kugeukia kulia. Nsimire aliinua kidole gumba bila kugeuka. Dunmore walichukua kombe, na kwenye picha ya ushindi, kama ukitazama vizuri pembeni, utamwona bibi mmoja wa Kihindi ameshika bakuli.

Wakati wa kurudi theluji ilikuwa inaanguka laini, na Leokadia aliendesha polepole. Laiba alikuwa kiti cha nyuma, medali shingoni, vipokea sauti masikioni, amefumba macho. Walipoingia barabara kuu, Mariambai alimgeukia Leokadia.

"Kocha wenu," akasema, "anachelewa kubadilisha wachezaji. Yule wa kumi na moja alichoka mapema, anamwacha tu. Na ule ukuta wao ni wa ovyo, wanausimamisha mbali. Ungekuwa karibu, yule mnene asingepita."

Leokadia alimtupia jicho, akarudisha macho barabarani.

"Endelea, Mama Kazim," akasema.

Na Mariambai akaendelea, hadi Malvern.