Suti Haiendi Peke Yake

Mama Pasi alikuwa dobi wa hoteli kwa muda mrefu kiasi kwamba hata akikupa mkono, macho yake yalikwenda kwanza kwenye ukosi wa shati lako. Hoteli ilipofungwa na kuuza vitu vyake kwa bei ya kutupa, wenzake walibeba vitanda na majokofu. Yeye alirudi nyumbani na suti za wahudumu wa ukumbi mkubwa, nyeusi na za kijivu, pamoja na moja ya rangi ya maziwa iliyokuwa ya meneja. Akatoa makochi sebuleni, akazitundika ukutani, na mlangoni akabandika karatasi: TUNAKODISHA SUTI ZA SHEREHE. Bintiye, aliyekosa pa kukaa kutazama televisheni, alinuna weee, mwishowe akakubali kuwa karani.

Biashara ilikuwa na kasoro moja tu, nayo ni mwenyewe Mama Pasi. Suti zake alizizungumzia kama watu. Huyu hapendi jua, huyu mabega yake yanahitaji hanga pana. Mteja akishaaga na mzigo wake, Mama Pasi moyo unaanza kumwenda mbio kama mzazi aliyepeleka mtoto bweni. Je, jamaa atakumbuka kufungua kifungo kabla ya kukaa? Akishindwa kuvumilia, anavaa gauni lake la bluu, anatupia mtandio, anaifuata suti huko huko harusini. Na nani atamuuliza mama mtu mzima kaalikwa na nani? Anakaa meza ya nyuma, macho kodo. Mteja mmoja aliyeegemea ukuta wa chokaa alishtukia kidole kinamgonga begani. Binti alipomwambia kwamba anawaaibisha wateja, alijibu kwamba yeye hawafuati wateja.

Siku moja akaja fundi redio aliyekuwa anaoa, akachagua ile ya rangi ya maziwa. Aliteremsha sauti, ingawa sebuleni walikuwa watatu tu, akaeleza kwamba ukweni amesema suti ni yake, kaishonesha kwa fundi.

"Nasikia huwa unazifuata, mama," akasema. "Hii ya kwangu naomba uniachie."

Mama Pasi alikubali, na wakati anakubali alikuwa anasema kweli. Siku ya harusi alikaa, akasimama, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kisha bintiye akaropoka kwamba huko ukumbini, kwa alivyosikia, watu watakula nyama ya mchuzi wa nyanya. Kabla hajamaliza kusema, gauni la bluu lilishatoka kabatini.

Ukumbini alijibanza nyuma ya chungu cha maua. Bwana harusi alipoinama kuchota mchuzi, Mama Pasi akakohoa bila kukusudia. Kijana akainua macho, akamwona, kijiko kikaganda hewani. Baba mkwe, aliyekuwa ubavuni pake, akafuata macho yake na kuuliza yule mama ni nani.

"Ni shangazi," bwana harusi akasema, maana ndilo neno lililokuwa karibu.

Baba mkwe alifurahi kupita kiasi. Tangu asubuhi alikuwa akilalamika kwamba kijana kaja na kaka yake na mafundi wenzake tu, hana mtu mzima hata mmoja wa kusema neno. Akaenda mwenyewe, akamshika Mama Pasi mkono, akamleta mbele na kumpa kipaza sauti.

Mama Pasi hakuwa amewahi kushika kitu kile. Jina la bibi harusi halijui. Alimtazama bwana harusi ili apate ujasiri, akaona ule mkono wa koti unavyoninginia jirani kabisa na bakuli la mchuzi, na maneno yakaja yenyewe.

"Mwanangu," akamwambia bibi harusi, "huyu uliye naye hapo ni wa kutunzwa. Jioni akiwa amekunjamana, usimwendee na moto mkali. Mnyunyizie maji kidogo, umnyooshe taratibu. Doa likitokea, lishughulikie siku hiyo hiyo, maana likilala halitoki. Lakini usisugue kwa hasira. Ukisugua kwa hasira unamtoboa."

Bibi yake bibi harusi akatoa kitambaa na kujifuta macho.

"Na hilo bakuli," Mama Pasi akaongeza, "msogezee mbali kidogo."

Makofi yakalipuka. Baba mkwe alimnong'oneza mkewe kwamba miaka yote hii hakuna aliyewahi kuwaambia habari za doa kulala. Mkewe akataka kujua ni doa gani analozungumzia.

Suti ilirudi safi. Fundi redio alikuja mwenyewe, hajui ashukuru au agombe. Ilivyo ni kwamba mkewe amekwisha kumwalika shangazi chakula cha mchana Jumapili, na yeye hajui aanzie wapi kueleza. Akamsihi aje tu. Mama Pasi alikubali, akamuuliza kijana, yeye siku hiyo atavaa nini.

Wiki iliyofuata wateja waliongezeka, na binti akagundua kwamba kabla ya kuuliza bei, wanauliza kama shangazi naye yumo. Mmoja alisema wazi kwamba suti anayo, tena mpya, anachotaka ni shangazi tu. Binti akamtazama mama yake. Mama Pasi akamwambia huyo bwana ailete kwanza hiyo suti, aione.