Chungu Kilichofungwa kwa Lastiki

Mimi ni fundi cherehani, na sina imani na kitu kinachojifanyia kazi chenyewe. Ndiyo maana chungu cha umeme alichotuletea wifi yangu kilikaa juu ya kabati muda mrefu, hata plastiki yake sikuibandua. Kinapika polepole, wifi alisema. Unatia vitu asubuhi, unafunika, unakwenda zako. Nikamshukuru vizuri, na moyoni nikasema huu ni uvivu uliotiwa waya.

Aliyenifanya nikishushe ni Mama. Homa ya mwaka jana ilimwacha hai, lakini iliondoka na pua yake. Mama huyu alipika kwenye kantini ya kiwanda mpaka akastaafu, na alikuwa akifika tu mlangoni anakuambia vitunguu vyako umeviepua mapema. Sasa maziwa yaliungua mbele yake asijue. Alikula kama mtu anayemeza dawa. Nguo zake nilizipunguza mimi mwenyewe kwenye cherehani, na kila nilipozipunguza, baada ya muda zilimpwaya tena. Niseme ukweli, niliogopa. Nilikuwa nashona huku namwona mama yangu akiisha mikononi mwangu.

Nilijaribu kumwamsha pua. Nilimpitishia kahawa, ndimu, karafuu, hata mafuta ya taa, mpaka siku moja akausukuma mkono wangu.

"Unaninusisha kama mbwa wa polisi," alisema. "Basi, mwanangu. Usiniletee tena kitu puani. Imekwenda, imekwenda."

Nikamwahidi. Daktari naye alikuwa ameshatuambia inaweza kurudi, inaweza isirudi, maneno ambayo hata mimi ningeyasema bila koti jeupe. Ila aliongeza jambo moja nikalishika: ulimi wa Mama ulikuwa mzima. Sukari bado aliijua, na pilipili bado ilimwasha. Nikawaza, kama pua imegoma, nitaupikia ulimi.

Mama hali nyama tangu ujana wake, na sababu hajamwambia mtu. Kwa hiyo yakawa maharagwe. Niliyaloweka, na asubuhi nikayachemsha kwa moto mkali kwenye sufuria ya kawaida mpaka yakaanza kulegea, kwa sababu wifi alinionya kwamba moto wa chungu kile ni mdogo, na maharagwe mekundu yasipochemshwa vizuri yanaumiza tumbo. Nikakaanga vitunguu, saumu na tangawizi. Vyote nikavimimina kwenye chungu pamoja na nyanya, sukari guru, haradali, siki kidogo, na pilipili kavu za kumliza mtu mzima.

"Sasa usifunue," wifi alisema kwenye simu. "Ukifunua joto lote linatoka, unaanza upya. Wifi, nakujua!"

Ananijua kweli. Nyumba yetu ni ya watu wa kufunua. Mume wangu ni fundi wa lifti, na hawezi kupita karibu na kitu kilichofungwa asitake kuona kinavyofanya kazi. Basi nikachukua lastiki pana, ile ya kiuno cha sketi, nikakibana kifuniko kwenye mishikio ya chungu na kuikaza kwa mafundo. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

Nilidhani nitarudi kwenye kazi, lakini kile kifuniko cha kioo kilinishika. Hakukuwa na moto wa kuonekana wala kelele yoyote. Povu moja lilipanda taratibu, likapasuka, halafu nikangoja mpaka nikadhani chungu kimezimika, likapanda lingine. Mchuzi ulioingia mwekundu ulianza kuwa wa kahawia pembeni. Miaka yote nimepika kwa kugombana na moto, na sasa nilisimama pale na sindano mkononi, nimeduwaa.

Baadaye alikuja mteja wa gauni. Nilikuwa sebuleni nampima, pini zimejaa mdomoni, niliposikia sauti ya Mama kutoka chumbani, kali kama ya kantini zamani.

"Nani kafunua chungu?"

Nikazitema pini na kukimbilia jikoni. Mume wangu alikuwa amesimama na kifuniko mkononi, lastiki inaning'inia, mvuke umemjaa usoni.

"Nilitaka kuona tu kama kinapata joto sawasawa," alinong'ona.

Siku nyingine angenikoma. Nilishafungua mdomo nimpe vidonge vyake, halafu mwili ukanisisimka. Mlango wa Mama ulikuwa umefungwa, na chungu kile hakijapiga kelele hata kidogo.

Mama alitokea, mkono ukutani, miguu mitupu.

"Umejuaje, Mama?" nikamuuliza.

"Si tangawizi hiyo," alisema kwa hasira. "Na sukari yenu inataka kushika pembeni, mmesimama tu mnaangaliana." Akaweka kiganja mdomoni, macho yametutoka sote watatu.

Alisogea mpaka kwenye meza, akainamia mvuke. Uso wake ukaanguka.

"Imepotea."

Mume wangu anamwogopa mkwe wake tangu siku ya posa. Alikifunika chungu taratibu, kwa mikono miwili, akangoja mvuke ujikusanye, kisha akafunua.

"Ipo," Mama alisema. "Ipo... Imepotea tena. Funika, baba."

Mchana ule hatukufanya kazi nyingine. Mteja wangu alikuja kuchungulia na gauni lake la upande mmoja, akabaki mlangoni. Tulifunika, tukangoja, tukafunua. Mara nyingine hakupata kitu, akatikisa kichwa. Mara nyingine alifumba macho akataja: siki. Saumu. Haradali, na umeitia nyingi. Nilimshika mkono.

Ikafika mara moja akakunja pua, akageuka kutoka kwenye chungu.

"Hii siyo ya humu. Hii ni grisi." Alimtazama mume wangu juu mpaka chini. "Baba, unanuka grisi."

"Asante, Mama," mume wangu alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo, na kifuniko bado kiko mkononi.

Maharagwe hayakuiva siku hiyo. Jua linazama yalikuwa bado na kiini kigumu, na hakuna aliyelalamika. Tulikula mkate, na Mama aliushika wa kwake karibu na uso, muda mrefu, kabla hajauma.